Makaburi ya Mama Chura

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Tembo hajajua aibu, wanyama wa msitu wa mvua waligawana ardhi. Sheria ilikuwa moja: walipozikwa babu zako, hapo ndipo kwako.

Wagawaji walikuwa Tembo na Nyati, na mgawaji hajisahau. Nyati alijipa bonde lote la kijito. Mle bondeni, chini ya majani yaliyooza, Mama Chura Mchimbaji alikuwa ameficha mayai yake shimoni.

Akaenda barazani kudai bonde lake. Tembo akamtazama kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu.

"Wewe wa ukoo gani? Wa majini?"

"Hapana, mzee. Mimi nachimba."

"Basi ni ndugu yake Fuko."

Fuko akaukana undugu papo hapo: huyu hana manyoya. Kenge naye akamkataa kwa kukosa mkia. Nyati alicheka mpaka povu likamtoka.

"Asiye na ukoo hana kaburi," akasema. "Hama leo hii."

Mama Chura alichukia, akameza hasira. "Sawa, mzee. Ila chimbeni kwanza, popote mtakapo. Mkikosa kaburi la kwetu, nahama."

Nyati akapiga kwato bondeni, tifu! Akatokea chura mkavu, amefumba macho, kimya.

"Babu yangu," akasema Mama Chura, akajifuta chozi.

Wakapanda kilimani. Tifu! "Shangazi." Wakachimba mpaka uani kwa Tembo. Tifu! "Huyo simjui vizuri, lakini ni wa kwetu."

Tembo, ambaye kumbe amelala juu ya makaburi ya watu maisha yake yote, nyayo zikaanza kumwasha. Masikini mkubwa mzima! Kiangazi chote vyura wachimbaji hulala udongoni wakingoja mvua, lakini angelijuaje hilo mtu asiyeinama?

Mara wingu likapasuka. Matone yakadondoka, to, to, to! Yule asiyejulikana vizuri akapiga miayo, akafumbua jicho moja.

"Krrro," akanguruma. "Nani kanifukua?"

Nyati? Alishafika ng'ambo ya kilima, na Tembo alikuwa mbele yake, akivunja miti kupata njia. Hawakurudi tena kuulizia bonde. Mama Chura akaenda zake shimoni kuangalia mayai.

Mkubwa asiyewajua walio chini yake, wanangu, kumkimbiza ni kazi ndogo.