Kiboko Alivyoukalia Utamu wa Kokoa

Paukwa!
Pakawa.
Wenye meno mpo?
Tupo, tunatafuna.
Na vibogoyo?
Tupo, tunamumunya.
Basi sogeeni.

Hapo kale Kindi alikuwa na mti mmoja wa kokoa. Juu yake palikuwa na kiota, na ndani ya kiota mlikuwa na watoto wake, ambao walikuwa bado hawajui kuruka. Mti huo ndio nyumba, mti huo ndio chakula.

Siku moja ardhi ikatikisika, tii, tii, tii. Kiboko akaja. Akabwia tunda zima la kokoa, akatafuna na mbegu zake, kacha kacha. Uso ukamkunjamana.

"Chungu," akasema. "Mti mchungu hivi wa kazi gani? Naung'oa."

Kindi akateremka mbio. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, kifagio. Toa watoto."

"Natoa, mjomba. Ila ule utamu wake nimpe nani?"

Kiboko, aliyekwisha kulishika shina, akaliachia. "Utamu upi?"

"Umelala ndani ya mbegu. Huamshwa kwa kazi, na mikono yangu ndiyo hii."

Kiboko akaitazama mikono yenyewe. "Wewe elekeza tu. Nikiupata, naula wote peke yangu. Nikiukosa, naung'oa mti."

"Nani mwingine angeuweza, mjomba?"

Kiboko akapasua matunda, pa, pa, pa. Akazirundika mbegu pamoja na ute wake, akazifunika kwa majani ya migomba zichachuke. Rundo likapata joto, likaanza kunuka kama pombe.

"Utamu uko wapi?"

"Uko njiani, mjomba. Geuza."

Akageuza. Kisha akazianika mkekani, akashinda juani akifukuza kuku.

"Utamu uko wapi?"

"Uko njiani, mjomba. Kaanga."

Akakaanga, ta-ta-ta. Akapepeta maganda.

"Utamu uko wapi?"

"Uko karibu, mjomba, nausikia unakohoa. Saga."

Akasaga juu ya jiwe, kwaru kwaru, mpaka mbegu zikawa uji mzito wa kahawia. Akakamua miwa kwa makalio, akapika sukari guru, akachanganya, akamimina kwenye jani la mgomba. Uji ukaganda kivulini, ukawa chokoleti.

Kiboko akalamba pembeni. Machozi yakamtoka.

"Kindi," akasema, "hata mama yangu hakuwahi kunipenda hivi."

"Basi kula, mjomba."

"Nimechoka, nilale kwanza. Utaniibia?"

"Nitaiba," Kindi akasema. "Sikufichi. Ikalie. Tena ikalie juani, nikuone vizuri niogope."

Kiboko akaona hayo ni maneno ya busara. Akalivuta jani mpaka juani, akaikalia chokoleti, akakoroma, khoo, khoo.

Jua likawaka. Chokoleti ikayeyuka, ikampaka makalio, mapaja na tumbo. Majimoto, wale chungu wekundu wakali, wakasikia harufu. Wakaja ukoo mzima.

"Kindi, nini kinaniuma?"

"Ni utamu, mjomba. Sasa umefika."

Kiboko akakimbia, tii, tii, tii, majimoto wakiwa mgongoni, akatumbukia mtoni, chubwi. Mpaka leo mchana hushinda majini, macho na pua nje, akichungulia kama wameondoka.

Mti ukabaki umesimama. Kindi akaivuta iliyosalia kwenye jani mpaka kivulini, ikaganda tena, akawagawia watoto.

Hadithi yangu imeishia kidoleni, mwenye ulimi alambe.

Na funzo lake ni hili: watoto, fanyeni kazi kwa moyo, maana kazi haipotei. Kiboko alifanya kazi yote, na haikupotea hata kidogo. Kindi aliila.