Liwali Afungua Darasa la Watu Wazima

Palikuwa na Liwali mmoja, Shekue jina lake, tumbo mbele, bakora mkononi. Siku moja akapata habari kwamba Sultani atapita mjini kwake, na kwamba Sultani siku hizi anapenda watu waliosoma. Papo hapo Liwali akaingiwa na huruma kubwa ya elimu. Akatoa amri: kila mtu mzima aende darasani. Saa ngapi? Saa mbili asubuhi, watu wako shambani. Wakae wapi? Kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa videvu. Wasome nini? "Liwali wetu ni taa." Anayekosea, fimbo. Wema ulioje!

Siku ya tatu darasani alibaki mwalimu na mbuzi mmoja aliyeingia kutafuta kivuli.

Liwali akauliza nani kawaharibu watu. Akaambiwa ni Bi Mashavu, mjane mfinyanzi, asiye na kitu ila tanuri la kuchomea vyungu, na ulimi. Akaitwa barazani.

"We mwanamke! Umesema nini juu ya darasa langu?"

"Nimesema taa ninayo nyumbani, Bwana."

Barazani watu wakashikwa na kikohozi cha ghafla. Liwali akavimba.

"Basi lijaze wewe! Nakupa mpaka Ijumaa. Usimpe mtu hata tende, usimshike mtu mkono. Ukishindwa, tanuri lako navunja, na mji huu utauhama."

Bi Mashavu alirudi kwake miguu mizito. Tanuri lile walilijenga yeye na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na tangu afiwe ndilo lililomlisha. Akakaa, akafikiri. Mtu mzima humtishi kwa fimbo; fimbo alishazimaliza utotoni. Huyu lazima aguswe pale panapomwasha. Basi akapita nyumba kwa nyumba, akiuliza tu.

Kwa Bi Mwanaharusi aliuliza, "Shoga, barua za mumeo bado anakusomea shemeji yako?"

"Ananisomea. Salamu za majirani na habari za mvua."

"Mume kakaa ugenini miaka miwili, anakuandikia habari za mvua?"

Bi Mwanaharusi jioni ile ile akanunua kalamu.

Kwa Mzee Pandu aliuliza, "Mzee, ile karatasi ya Liwali uliyoipigia dole gumba, ilisemaje?"

"Karani alinisomea. Ilisema Liwali anaomba njia ya kupitia shambani kwangu."

"Na mbona sasa shamba lina ukuta wa Liwali?"

Mzee Pandu akatazama dole gumba lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

Mwisho Bi Mashavu akamwendea mwalimu. "Sogeza saa iwe alasiri, tandika mikeka, na hiyo fimbo kachochee nayo jiko." Mwalimu, aliyechoka kumfundisha mbuzi, hakubisha.

Ijumaa darasa lilifurika hadi mlangoni. Bi Mashavu mwenyewe alikaa mbele: ka, ke, ki, ko, ku. Liwali akajisifu mji mzima. Ikapita miezi mitatu. Sultani bado yuko njiani. Masultani hawana haraka.

Ndipo Mzee Pandu alipokuja barazani na nakala yake ya karatasi ile, akaisoma mbele za watu, silabi kwa silabi: "Na-m-pa Li-wa-li sha-mba lo-te." Njia haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Huruma ya elimu ikamtoka Liwali palepale. Asubuhi yake alifunga darasa, akamwita Bi Mashavu. Karani siku hiyo alikuwa msibani. Liwali hakujali, akachomoa karatasi mfukoni mwa joho, akaikunjua, akakunja uso.

"Hukumu! Mashavu binti Haji, kwa kuchochea raia, tanuri lako livunjwe, nawe uhame kabla ya magharibi. Njoo upige dole gumba."

Bi Mashavu akasogea karibu. "Naomba unisomee tena, Bwana. Hofu imeniziba masikio."

Liwali akakohoa, akaitazama karatasi. "Mashavu binti Haji, tanuri livunjwe, uhame kabla ya adhuhuri."

"Magharibi imekuwa adhuhuri, Bwana?"

"Hii ni karatasi ya serikali! Inajua inachosema. Piga dole!"

Bi Mashavu akachovya dole kwenye wino, akainama. Akakaa vile vile ameinama, midomo ikichezacheza.

"Unangoja nini?"

"Nisamehe, Bwana, mimi bado nasoma kwa kuokoteza." Akapaza sauti. "Ka-nzu ta-tu. Ko-fi-a m-bi-li. Shu-ka mo-ja, i-na do-a."

Baraza zima likaangua kicheko. Askari wa mlangoni akaacha mkuki ajishike mbavu.

"Nyamazeni!" Liwali akafoka, jasho likimtiririka. "We bibi kizee! Na mvi zako hizo, nini hasa kilichokupeleka shule?"

Bi Mashavu akajifuta wino taratibu.

"Ni hiki hiki, Bwana Liwali: kusomewa nguo za dobi nikaambiwa ni hukumu. Sasa wewe, unangoja nini?"