Kidundo Ampigia Papa Ngoma

Enzi hizo bahari ilikuwa bado haijakolea chumvi, na Kidundo, samaki wa ukubwa wa kiganja, alikuwa na tumbo lililolia kama ngoma. Akilidunda, kaa wanacheza mpaka magamba yanawatoka.

Siku moja Papa akambana mwambani. Papa huyo akipiga chafya, maji yanakupwa.

"Leo nakula wewe na ngoma yako!"

"Shikamoo mzee," Kidundo akasema, meno ya Papa yakimtekenya mkia. "Unile tu. Ila bwana mkubwa mzima kula kimyakimya, si aibu? Hata dagaa wakioana wanapigiwa."

Papa akavimba. "Nipigie basi! Na sitaki ngoma ya kidagaa. Nataka mdundo mzito kama mimi!"

"Huo unataka maji ya wazi, mzee. Hapa mwamba unameza sauti."

Wakatoka. Kidundo akadunda mpaka mawingu yakashuka kusikiliza. Papa akafumba macho, akakata kiuno.

Juu yao wavuvi walikuwa wamezamisha kasia, sikio kwenye mpini, wakisikilizia samaki kama kawaida yao. Kidundo aliwajua tangu yumo ndani ya yai.

"Lo! Mdundo huu ni wa jitu," mmoja akasema. "Teremsha jarife, ule wavu wa papa!"

Wavu ukawazunguka wote wawili. Kidundo akapita kwenye tundu moja bila kugusa uzi. Papa akanasa mpaka masikio.

"Wewe! Mbona hunasi?"

"Wavu huu wameusuka kwa ajili ya wakubwa, mzee. Sisi wengine hatujaalikwa."

Akaenda zake akidunda polepole, wenye nyavu ndogo wasimsikie.