Kengele Iliyopigiliwa Ukutani

“Aliyepewa kiti, kengele si yake.” Sada, wenzako wanakutania kwa methali hii tangu ulipokabidhiwa timu, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka humu humu kazini kwetu, na mimi, Kidawa, nilikuwepo.

Enzi hizo ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya fundi baiskeli, hapa hapa Tanga. Tuliandika programu za kompyuta. Fundi alitupatia kengele kuukuu ya baiskeli, tukaipigilia ukutani. Desturi ikawa kwamba programu yako ikikubali kufanya kazi, unainuka na kuipiga mwenyewe, sote tunapiga makofi. Hakuna aliyeipiga mara nyingi kama Mhina, na kwa sababu hiyo mkuu wetu alipoondoka, Mhina akapewa kiti chake.

Kiti kile kilimtesa. Kutwa ni vikao, simu na wateja. Akisikia kengele ya mwenzake, shingo ilimgeuka yenyewe.

Mimi nilikuwa mgeni, nikiandika programu ya chama cha wafugaji, ya kupokea hesabu za maziwa. Nikakwama, nikaenda kula. Niliporudi nilimkuta Mhina kainuka mezani pangu, kazi kaimaliza, kengele anaipiga. Waliopiga makofi walikuwa wachache.

Ukawa ndio mtindo. Nasi binadamu hatuna haya, tukaanza kuacha kazi nusu nusu, bosi atamalizia. Mhina akakonda, na kazi zikachelewa vile vile.

Siku moja nikamwendea. “Kaka Mhina, naomba niache kazi.”

“Kwa nini tena, mdogo wangu? Nani kakuudhi?”

“Hakuna. Ila kazi yenyewe sina. Kila nikianza, unamaliza wewe.”

“Nilikuwa nakusaidia.”

“Ungeniuliza nimekwama wapi. Kengele ile sijaipiga hata mara moja. Naitamani, kaka.”

Aliitazama kengele, akasema, “Hata mimi naitamani. Vidole vinaniwasha, Kidawa.”

“Basi itamani ukiwa umekaa.”

Nilidhani atafoka. Badala yake alisogeza kiti chake karibu na changu, akakalia mikono. Kosa langu aliliona mapema, maana alianza kuuma mdomo, lakini hakuligusa. Aliuliza tu, “Mfugaji akileta maziwa asubuhi na jioni, programu yako itamwandikaje?”

Nikatazama, nikaguna, nikarudi kuandika.

Siku niliyoipiga kengele, fundi wa chini alipiga kelele akidhani kuna ajali! Mhina alinipigia makofi kuliko wote. Kisha akashuka, akapanda baiskeli yake, nasi kutoka dirishani tukamsikia akipiga kengele yake njia nzima, hata pasipo na mtu wa kumpisha. Nilimwonea huruma sana.

Miaka ikapita, nikapewa kiti mimi. Mhina alikuja kuniaga, na tukiwa tunazungumza kijana mmoja akaipiga ile kengele. Sikujua kama nimesimama mpaka nilipohisi mkono wa Mhina begani.

“Keti, mdogo wangu,” akaniambia taratibu. “Aliyepewa kiti, kengele si yake.”