Jani la Muhogo kwenye Fimbo ya Bingwa

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma sogeeni kidogo. Habari ya leo si ndefu, lakini inauma.

Kulikuwa na fundi chuma mmoja katika mji wa baridi, mji uliozungukwa na mashamba ya chai. Juu kilimani palikuwa na uwanja wa gofu. Sijui ni wangapi kati yenu mmewahi kuuona mchezo huo. Mpira ni mdogo kama ndimu. Shimo ni dogo kama kikombe cha uji, na liko mbali, kama kutoka hapa mpaka kule kisimani, au zaidi. Mtu anaupiga mpira kwa fimbo yenye kichwa cha chuma, anaufuata, anaupiga tena. Fimbo hizo hutoka ng'ambo, na kwa bei ya seti moja unaweza kununua ng'ombe wa maziwa.

Fundi wetu alizitazama akasema, mbona hiki ni chuma tu? Akaanza kutengeneza zake kwa springi za magari mabovu. Mkewe alivingirisha ngozi mahali pa kushikia, akamalizia kwa fundo dogo ambalo hata mumewe hakuweza kuliiga. Kwenye kichwa cha kila fimbo fundi aligonga alama ya jani la muhogo. Aliziuza kwa robo ya bei ya zile za ng'ambo.

Na zilikuwa nzuri. Lishikeni hilo neno, watoto wangu, tutalihitaji. Zilikuwa nzuri kweli.

Lakini nani alizinunua? Wale wanaobeba mifuko ya wachezaji, basi. Wenye magari walipofika kwenye geti la uwanja, alikokuwa akiziuza, walishusha kioo, wakauliza, "Nani mkubwa anachezea hizi?" Fundi akijibu, "Bado, mheshimiwa," kioo kinapanda.

Kwa hiyo akawa na haja moja tu maishani: mchezaji wa kulipwa, mtu anayeijua kazi, apige mpira kwa fimbo yake na aseme, hii ni nzuri. Miaka miwili alisimama pale getini. Mmoja alimwambia, "Mzee, hizi ni za kuchimbia viazi." Mwingine aliitazama ile alama akacheka. "Muhogo! Wa kuchemsha au wa kukaanga?"

Mwisho akampata bingwa mmoja kijana, mwenye sura inayojulikana kila mahali. Fundi alimpa seti nzima, mpya, iliyofungwa ndani ya nailoni. Bingwa akaiweka nyuma ya gari bila kuifungua.

"Mzee, nitakusaidia," akasema. "Lakini siwezi kuhatarisha kazi yangu. Chukua fimbo zangu za ng'ambo, zifute jina, zigonge jani lako. Nitacheza nazo, watu wataona jani. Wewe unauza, mimi napata changu. Nani ameumia?"

Na mimi nawauliza: nani ameumia? Mbona mko kimya?

Fundi alienda nazo karakana. Akakaa na tupa siku mbili akifuta jina la mtu mwingine kwenye chuma cha mtu mwingine. Alipofika kwenye ngozi akamwita mkewe.

"Baba Subira," mkewe akasema, "hizi si zetu."

"Funga tu, mama."

"Sifungi. Fundo langu halikai juu ya uongo. Funga mwenyewe."

Akafunga mwenyewe, vibaya vibaya, na kutoka mbali hakuna aliyeona tofauti.

Bingwa akashinda. Akasimama mbele ya kamera, fimbo mkononi, akaapa kwamba hajawahi kushika chuma kama hiki. Jumatatu yake magari yalipanga foleni bondeni, mbele ya karakana yake. Fundi aliajiri watu sita na kuezeka karakana upya. Wateja walimuuliza, "Kweli bingwa anachezea zako?" Akajibu, "Si mmeona wenyewe?" Mwaka mzima alijibu hivyo. Siku za kwanza alijibu akiangalia chini. Baadaye akazoea.

Sasa sikilizeni. Ilikuja siku ya mwisho ya mashindano makubwa. Asubuhi bingwa alipotoka kunywa chai alikuta mfuko wake umeibwa. Afanye nini? Aazime za mwenzake? Dunia nzima inajua yeye hachezei ila jani la muhogo. Akafungua nyuma ya gari. Ile seti ya zawadi ilikuwa bado ndani ya nailoni, na vumbi la mwaka mzima juu yake. Akaichana nailoni kwa meno, akaenda nazo uwanjani.

Akashinda. Alishinda kuliko siku zote alizowahi kucheza.

Hakungoja hata picha. Alishuka mbio mpaka karakana, na fimbo moja mkononi ingali na majani ya uwanjani. Akamkuta fundi ameinama juu ya kazi.

"Mzee! Leo nimecheza na zako! Zako kabisa, zile ulizonipa! Mzee, hii ni nzuri. Sijawahi kushika chuma kama hiki!"

Maneno yaleyale, ndugu zangu. Maneno aliyoyangoja miaka yote ile.

Fundi hakuinua hata kichwa. Akacheka.

"Bingwa, hapa hakuna kamera. Pumzika."

"Naapa, mzee!"

"Hata siku ile uliapa. Unaapa vizuri sana, ndiyo maana nilikuchagua."

Kijana akaiweka ile fimbo juu ya meza, akaondoka. Jioni ile akaelekea uwanja wa ndege, kwenda mashindano mengine.

Mke wa fundi ndiye aliyeichukua mezani ili aifute. Akaishika mahali pa kushikia, vidole vikagusa fundo. Kisha akasema, "Baba Subira, njoo. Fundo hili nimelifunga mimi."

Fundi akaja. Akalipapasa lile fundo kwa kidole gumba. Akageuza kichwa cha fimbo, akaona, katikati kabisa ya chuma chake mwenyewe, alama za mipira. Akampigia bingwa simu.

"Waambie watu!" akamwambia. "Waambie umecheza na zangu!"

Bingwa akajibu kwa upole, "Niwaambie nini, mzee? Kwamba leo ndiyo mara ya kwanza?"

Asubuhi fundi alisimama mbele ya wateja, akaiinua ile fimbo juu. "Jamani, jana bingwa alicheza na fimbo zangu! Kweli kweli!"

Wakamtazama. Mmoja akasema, "Sasa, mzee, si tunajua? Nipe seti mbili."

Mnaona alipofika? Habari njema pekee ya maisha yake, na hana namna ya kuisema mpaka kwanza aseme nyingine. Alifungua mdomo. Akawatazama wale vijana sita na bati jipya. Akaufunga. Ile fimbo aliitundika ukutani, na iko pale mpaka leo. Watu hupita chini yake wakidhani ni pambo.

Nilisema mshike neno moja. Fimbo zilikuwa nzuri. Hazikuhitaji uongo, zilihitaji subira tu. Na Mungu wetu je? Ni dhaifu kiasi gani hata tumtafutie watu wa kumsifia? Sisi tunaona aibu kusimama na kitu cha kweli kisicho na jina kubwa, kwa hiyo tunakopa jina. Tunaweka mheshimiwa kiti cha mbele, picha ya mgeni kwenye bango, na mtu wa kutoka mbali aseme aliponywa hapa. Watu wanajaa, tunasema, nani ameumia?

Nitawaambia nani ameumia. Jumapili iliyopita mama mmoja wa benchi la mwisho alisimama akasema binti yake, aliyelala kitandani mgonjwa miezi mitano, ameinuka na kuchota maji. Niliwatazama nyuso zenu. Wengine walicheka kichinichini kama yule fundi. Mmoja alimnong'oneza jirani, na yule mama aliona, akaketi kabla hajamaliza. Tulimcheka, kwa sababu sisi tunajua ushuhuda hutengenezwaje hapa ndani.

Mama, nakuomba uje mbele utuambie tena. Lakini usifungue kinywa bado, zamu ya kwanza ni yetu. Wazee wa kanisa, simameni pamoja nami. Ndugu zangu, yule mtu wa mwezi wa nne, aliyetupa magongo yake hapa mbele mkapiga vigelegele, hakuwa kiwete. Tulimtumia nauli, na magongo tulinunua sisi.

Sasa, mama. Njoo.