Wana wa Bwana Mwinyipembe

Bwana Mwinyipembe, aliyeishi peke yake katika jumba la vyumba tele, alimjia jirani yake Bi Siwema akiwa na afisa wa mipango miji. "Sheria ya mtaa huu ni kiwanja kimoja, familia moja," akasema tajiri huyo. " Wapangaji wako watoke leo."

"Sheria ni msumeno," akajibu Bi Siwema kwa upole. "Na mlinzi, mpishi na dereva wanaolala bandani kwako?"

Afisa akamgeukia tajiri, naye akawaza nani atampikia. "Wale ni wanangu," akasema haraka.

"Basi na hawa ni wangu," akasema Bi Siwema.

Afisa akacheka, akaenda zake.

Jioni, mlinzi, mpishi na dereva walibisha hodi sebuleni, kila mmoja na godoro lake kichwani. "Shikamoo, baba. Bi Siwema anauliza, tangu lini mwana akalala bandani?"