Makombo ya Pumzi

Isome mpaka mwisho, halafu mtumie mwenye cheo unayemfahamu. Mimi wangu nimeshamtumia, hajajibu.

Hospitali moja ya nyanda za juu ilipewa msaada wa mtungi mmoja wa zenoni, gesi ya usingizi yenye bei ya kuruka. Sifa yake ni kwamba haiusumbui moyo. Bi Tusekile, mtaalamu wa nusu kaputi, aliwawekea wagonjwa wa moyo peke yao. Mashine yake ilifungwa pande zote: mgonjwa akitoa pumzi, inasafishwa na kurudishwa kwake, gesi ile ile. Kwa mwendo huo mtungi ungetosha watu kumi na wawili.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mwalimu Subilaga, mama mstaafu. Moyo wake ulikuwa umechoka, na uvimbe wa tumboni haukuwa wa kungoja.

Siku mbili kabla ya zamu yake akaja mheshimiwa mmoja, anaumwa ngiri. Moyo wake mzima kama wa punda! Lakini sifa za gesi alikwisha zisikia.

"Nipeni hiyo hiyo," akasema.

Bi Tusekile akamweleza inavyofanya kazi. Mheshimiwa akaruka.

"Yaani nivute pumzi iliyokwisha tumika? Mimi sili makombo, mama!"

"Ni pumzi yako mwenyewe, mheshimiwa. Na inasafishwa."

"Hata kama ni yangu! Nataka mpya, mwanzo mpaka mwisho."

Bi Tusekile akamtazama mganga mkuu. Mganga mkuu akatazama viatu vyake.

"Fungua tu, dada," akanong'ona. "Tusije tukahamishiwa porini bure."

Akafungua. Saa nzima gesi ilipita kifuani mwa mheshimiwa mara moja tu, ikatoka nje na kwenda zake hewani. Bi Tusekile alikuwa akiuona mshale wa mtungi unashuka, na roho ikimuuma. Mkono wake ulikuwa karibu kabisa na kifungio cha mtungi, lakini hakukigusa. Ngiri ikaisha, na mtungi nao ukaisha.

Zamu ya Mwalimu Subilaga ilipofika, alilazwa usingizi kwa dawa ya kawaida. Moyo ukasimama kabla daktari hajamaliza kushona.

Msibani mheshimiwa akashika kipaza sauti. Alilia machozi ya kweli, maana mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika.

"Inauma, jamani! Hospitali yetu ina gesi ya kisasa kabisa, mimi mwenyewe ni shahidi. Nyie wanawe mlikuwa wapi? Kwa nini mlimchelewesha mama yetu?"

Waombolezaji wakawageukia watoto wa marehemu. Binti mkubwa akainamisha kichwa kwa aibu, masikini, akaamini kweli kosa ni lake.

Bi Tusekile alikuwa amekaa nyuma yake tu. Akafungua mdomo aseme. Akakumbuka ni mkono wa nani uliofungua mtungi, akaufunga mdomo.

Funzo: Mkubwa hadhulumu peke yake. Siku zote anamhitaji mtu wa kumfungulia, na wengine wa kukaa kimya.